Doa Chini ya Kisigino

Wiki jana, msomaji, tulimwacha Editha ameinama juu ya kisigino cha Anjelina. Kalamu ya kuchomea ilikuwa mkononi, ncha yake imeshapata moto, na simu yake ilikuwa inawaka kwenye trei ya vifaa. Ujumbe ulikuwa wa maneno sita tu.

"Usimchome huyo. Lile doa si piko."

Kama wewe umeingia leo, usihangaike, tutakwenda pamoja. Editha ni mchomaji wa mabaka na masundosundo kwenye kliniki moja ya urembo wa ngozi huko Tegeta. Anjelina ni mwalimu wa darasa la tatu, anaolewa Jumamosi, na leo ni Alhamisi. Aliyetuma ujumbe ni Naima, mpaka hina na piko wa Mtoni, jirani wa Editha ukuta kwa ukuta. Naima si mtu wa kuandika ujumbe mfupi. Huyo akikusalimia tu ni dakika kumi.

Editha aliondoa mguu kwenye pedeli. Mlio wa mashine, ule mwembamba kama wa mbu, ukakatika.

"Sista, mbona kimya?" aliuliza Anjelina, kalala kifudifudi, kidevu kwenye mto. "Umeshamaliza?"

"Nasubiri ganzi ikolee."

"Ganzi imekolea zamani. Hicho kisigino hata sikisikii. Wewe choma."

Editha alivuta taa karibu. Ukilitazama doa lile kwa haraka ungesema ni piko lililogoma kutoka, weusi uliobaki baada ya harusi ya rafiki. Ndivyo Anjelina alivyowaambia watu, na ndivyo Naima mwenyewe alivyoamini muda wote. Lakini piko hufifia lote kwa pamoja. Hili lilikuwa jeusi ti katikati, kahawia upande mmoja, na kingo zake zimetambaa huku na kule kama wino uliodondokea karatasi mbichi.

"Mwalimu, hili doa unalo tangu lini?"

"Si nimeshakwambia. Tangu mtoto."

"Na ukubwa ni huu huu?"

"Huu huu. Sista, mie nina fundi wa gauni ananisubiri."

Simu ikawaka tena. Safari hii zilikuja picha tatu zimefuatana.

Sasa hapa lazima umjue Naima. Mwanamke huyo hapaki mguu bila kuupiga picha, juu na chini, halafu anauweka kwenye status watu waone kazi. Ana miguu ya nusu ya wilaya ya Temeke kwenye simu yake, na kila picha ina tarehe yake. Wenzake wanamcheka. Leo ndiyo siku ya kuacha kumcheka.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Pasaka ya mwaka jana. Kisigino cha kushoto cha Anjelina, maua ya piko yamekizunguka, na katikati kuna kidoa cha ukubwa wa punje ya choroko.

Picha ya pili ilikataa kufunguka. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, kikasimama. Bando lilikuwa limekwisha hapo hapo.

Ya tatu ilikuwa ya Julai mwaka huu, nayo ilikuwa imewahi kufunguka. Kidoa kilikuwa kimefika ukubwa wa kunde, na Naima, bila kujua, alikuwa amekichorea petali pande zote akakifanya kiini cha ua. Lilikuwa ua zuri kweli. Leo, chini ya taa ya Editha, kile kiini kilikuwa haragwe.

Chini ya picha kulikuwa na maneno: "Edi, mie nimelipamba hilo dude nikidhani ni piko langu la zamani. Leo asubuhi kaja nimpake, kasema kisigino nikiache, anakwenda kuchomwa kwenu. Moyo ukanisuta, nikafungua picha. Linakua."

 Aliyemfundisha Editha kazi ya moto ni Dokta Gregori, daktari wa ngozi mwenye maneno machache, na siku ya kwanza ya mafunzo aliwaambia kitu ambacho wengi walikiandika na wachache walikishika. Sundosundo la shingoni choma. Kidoa cha shavuni unachokijua choma. Lakini doa linalokua, hasa lililo chini ya wayo, usilitie moto hata ukipewa nyumba. Hilo hukatwa kipande kwa wembe wa hospitali, likaenda maabara likasomwa. Ukilichoma unabaki na majivu juu, na mzizi chini unaendelea na safari yake kimyakimya.

"Mwalimu, hebu kaa."

Anjelina aligeuka, akaiona simu, akaona miguu yake mwenyewe.

"Naima kakutumia miguu yangu?"

"Kanitumia, na namshukuru. Wewe umeniambia halijabadilika. Tazama hapa, na tazama hapa."

"Kamera zinadanganya."

"Hazidanganyi hivi. Hili silichomi. Linatakiwa daktari alikate kidogo, alisome kwanza."

"Asome nini? Gazeti?" Sauti ya Anjelina ilikuwa imepanda. "Mie nimekuja kutolewa doa, sijaja kusomwa."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Madam Lusungu, mwenye kliniki, manukato yakimtangulia kama kawaida yake.

"Kuna nini humu? Nje kuna watu wanne wanatazama saa."

"Madam, hili doa linakua. Picha hizi hapa."

Madam Lusungu alichukua simu. Alitazama picha ya kwanza, akatazama ya tatu, kisha akainama akatazama kisigino chenyewe. Halafu akanyoosha mkono akaichukua ile kalamu kutoka kwa Editha. Editha alijua kinachofuata. Madam atachoma mwenyewe, maana Madam hajawahi kumrudisha mteja tangu kliniki ifunguliwe.

Haikuwa hivyo. Madam aliirudisha kalamu kwenye kishikio chake, akaenda ukutani akazima mashine.

"Mrudishieni hela yake yote," alisema. "Avae kiatu atoke. Na jina lake lisikae kwenye daftari."

"Madam, mie nilitaka tumpeleke hospitali."

"Editha, mie naendesha kliniki ya urembo, siendeshi ambulensi. Huyu akiharibikia mikononi mwetu wataandika jina langu, hawataandika lako."

Akatoka. Manukato yakabaki.

Anjelina alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi. Machozi yalikuwa yanashuka lakini sauti haikutoka, kwa namna ya mtu aliyezoea kulia darasani wanafunzi wasijue.

"Hunielewi, sista," alisema. "Kwa kina Brightson, mchumba wangu, bibi harusi huoshwa miguu. Sio kwa mchezo. Shangazi yake, Bi Kokushubila, anatoka Bukoba na beseni lake. Anakukalisha mbele ya wanawake wote wa ukoo, anaosha, anageuza wayo juu, anautazama. Wanasema anatafuta mguu wenye mkosi."

"Hayo ni maneno ya watu."

"Mie nilikuwa na mchumba kabla ya Brightson. Aliitwa Allen. Tulibakiza wiki tatu kufunga ndoa, akagongwa na lori akiwa kwenye pikipiki. Msibani nikamsikia mama mmoja anasema wapo wanawake wana mguu wa kuzika. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, nimevua viatu." Alipangusa uso kwa kiganja. "Sasa Jumamosi ageuze wayo wangu akute doa jeusi. Wewe ungekubali?"

Editha aliokota kiatu cha pili akampa. 

"Twende kwa daktari leo," alisema. "Mie nitakwenda na wewe. Ni kipande kidogo tu kama punje ya mchele."

"Halafu Jumamosi niende na bendeji kisiginoni? Waulize kuna nini?" Anjelina alisimama, akaegemea upande wa nje wa mguu kwa sababu kisigino kilikuwa hakina habari. "Ubungo yupo kaka mmoja anaitwa Kondo, chini anauza kava za simu, juu anachoma masundosundo. Yule hamuulizi mtu historia yake."

Akatoka akichechemea. Editha alipofika barazani, bajaji ilikuwa imeshaingia barabara ya Bagamoyo.

Alimpigia Dokta Gregori. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Ehe, Editha."

"Shikamoo, dokta. Doa chini ya kisigino, dokta. Kwa mwaka na nusu limetoka choroko mpaka kunde, sasa ni haragwe. Rangi mbili. Kingo hazieleweki."

Daktari aliuliza kitu kimoja tu.

"Umelitia moto?"

"Hapana."

"Nitumie picha. Halafu umlete leo. Nipo mpaka saa kumi, jioni naruka kwenda Mwanza, narudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili ni nyingi kwa doa la namna hiyo. Na Editha, akitangulia mtu mwingine kulichoma, usinisumbue. Nitasoma nini, majivu?"

Ilikuwa saa saba kasorobo mchana.

Editha alivua koti jeupe akalitundika. Madam Lusungu alikuwa mapokezi, anawachekea wateja wanne.

"Unakwenda wapi?"

"Ubungo."

"Ukivuka huo mlango saa za kazi, kesho usijisumbue kuamka mapema."

Editha aliutazama mlango, akamtazama Madam. Miaka miwili ya kazi, kodi ya chumba, mama anayemtegemea Songea. Vyote hivyo alivifikiria, tusimfanye malaika. Kisha akavuka.

Bodaboda aliyempata alikuwa kijana wa maneno mengi, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi. Foleni ilianzia pale pale, malori ya kokoto na magari madogo yamebanana kuelekea mjini, na jua limesimama utosini. Walipita pembeni, wakapita katikati, wakapita mahali ambapo mimi sitapataja kwa heshima ya askari wa barabarani.

Taa za Mwenge ziliwakamata. Editha alitumia dakika hizo kununua bando, akamtumia daktari zile picha mbili. Ya katikati bado ilikuwa inazunguka.

"Sista, umemkimbilia mume?" aliuliza bodaboda.

"Mguu."

"Mguu?"

"Endesha, braza. Taa hizo."

Duka la Kondo liko karibu na ilipokuwa stendi ya zamani ya mabasi ya mikoani, chini kava na chaja, juu chumba kimoja chenye pazia. Editha alikuwa analijua bila kufika. Kila mwezi alipokea mtu mwenye kovu shingoni, na akiuliza nani kafanya hivi, jibu lilikuwa hilo hilo. Alipanda ngazi mbili mbili. Katikati ya ngazi akakutana na harufu.

Kama hujawahi kuisikia harufu ya ngozi iliyoungua, mshukuru Mungu. Kama nywele zilizokaribia jiko, lakini nzito zaidi. Editha alimaliza ngazi zilizobaki kwa mbio. Alivuta pazia.

Anjelina alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kushoto juu ya stuli, gazeti limetandikwa chini yake. Pembeni, mzee mmoja alikuwa anajipapasa shingo mbele ya kioo, vidonda vidogo vyeusi vimejipanga kama shanga. Harufu ilikuwa ya kwake. Kisigino cha Anjelina kilikuwa bado salama.

"Karibu, sista. Foleni ni kwa mpangilio," alisema Kondo bila kugeuka. Alikuwa mwanaume mwembamba wa miaka arobaini hivi, fulana ya mpira, glavu mkono mmoja. Kalamu yake ilikuwa ndogo, zile zinazoagizwa mtandaoni, na ilikuwa imechomekwa kwenye chaja ya simu. Kijitaa chake kilikuwa chekundu. "Huyu mzee kaimaliza chaji yote. Ikiwa kijani tu namfanyia bibi harusi, dakika mbili, anaondoka."

Mzee alishuka. Walibaki watatu.

"Kaka, hilo usilichome," alisema Editha. "Linakua. Linatakiwa hospitali."

"Wewe ni daktari?"

"Mchomaji, kama wewe. Kwa mashine ya kliniki."

Kondo alicheka kidogo. "Ahaa. Wa kliniki. Nyie mkichoma ni huduma, sie tukichoma ni kesi."

"Hata mie nimekataa kulichoma. Kwa mashine yangu nimekataa."

Hapo Kondo aligeuka akamtazama. Alimtazama na Anjelina. "Dada, wewe uliniambia ni sundosundo."

"Ni sundosundo," alisema Anjelina. Uso aliuelekeza ukutani. "Huyu sista ananifuatafuata. Fanya kazi yako, kaka. Ganzi inaisha, naanza kukisikia kisigino."

Kijitaa bado kilikuwa chekundu. Editha alichuchumaa mbele ya kiti, akatoa simu.

"Mwalimu, tazama tena. Hii ni Pasaka." Akasukuma kwa kidole. "Na hii..."

Picha ya katikati ilikuwa imefunguka.

Ilikuwa ya mkesha wa Krismasi ya mwaka jana. Maua ya piko yalikuwa yamezunguka wayo wote, na pale kisiginoni Naima alikuwa ameacha nafasi, kwa sababu palikuwa na plasta. Plasta ndogo ya kahawia, pembe zake nne zimekatwa kwa mkasi zikawa duara.

Editha aliitazama plasta ile kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote kwenye simu.

Pale kliniki wako wachomaji watatu. Ni mmoja tu anayekata pembe za plasta. Anazikata ili zisinyanyuliwe na kiatu, mtindo alioubuni mwenyewe, na Madam humtania kwamba anashona plasta badala ya kubandika. Hakuna Tegeta, hakuna Dar nzima, mtu mwingine mwenye upuuzi huo.

"Ni mie," alisema.  "Nilikuchoma mie."

Anjelina aligeuza uso kutoka ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama Editha machoni.

"Nilikukumbuka tangu naingia leo," alisema. "Wewe hukunikumbuka. Mlikuwa na watu wengi siku ile, Krismasi inakuja. Hukunitazama usoni. Ulitazama kisigino ukasema, hako ni kasundosundo tu, lala. Dakika tatu, nikatoka. Ndiyo maana nilirudi kwako. Wewe hukuuliza kitu."

Maneno hayo hayakusemwa kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Editha zaidi. Kidoa kile kilipokuwa choroko, kilipokuwa kingeweza kukatwa na kusomwa na pengine kumalizwa, kilipita mikononi mwake. Akakigeuza moshi. Akabandika plasta nzuri juu. Nacho kilikaa chini miezi yote hiyo kikijijenga upya, na Naima akaja kukichorea maua.

"Mwaka jana hukuuliza," alisema Anjelina. "Leo unauliza, siku mbili kabla ya harusi yangu."

"Nilikosea." Editha alikuwa bado amechuchumaa, mikono imeshika stuli. "Nilifundishwa kuuliza na sikuuliza. Kama ni kunichukia, nichukie, una haki. Lakini usilitie moto mara ya pili kwa sababu mie nililitia mara ya kwanza. Nakuomba, Anjelina."

Nyuma yao kilisikika kimlio. Kijitaa kilikuwa kijani.

Kondo aliichomoa kalamu kwenye chaja. Hakuwa na haraka. "Mie sitaki kesi," alisema. "Dada, sema mwenyewe. Nichome, nisichome?"

Anjelina alifumba macho.

"Choma."

Kondo aliwasha. Ncha ikatoa cheche ya buluu, ndogo, nzuri hata kuitazama.

Na simu ya Anjelina, iliyokuwa juu ya pochi, ikaanza kuita. Kwenye kioo palikuwa na jina: Shangazi Koku.

Hakuna aliyesogea. Iliita mara ya pili, ya tatu. Editha alitazama ile cheche, akatazama jina lile. Kuna mambo mtu hufanya huku akijua hatasamehewa. Aliikwapua simu, akapokea, akabonyeza spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si Anjelina."

"Naitwa Editha, mama. Nachoma mabaka, kazi yangu. Anjelina yupo hapa, ana doa jeusi chini ya kisigino na anataka lichomwe ili usilione Jumamosi. Anakuogopa wewe. Mwambie aache."

"Umenimaliza," alisema Anjelina. Alifunika uso kwa viganja vyote viwili. "Sista, umenimaliza."

 Kwenye simu, kwa mbali, ilisikika sauti ya jogoo na mtu anayetwanga. Kondo alikuwa amesimama na kalamu hewani, kidole kwenye swichi.

"Mguu gani?" iliuliza sauti.

"Wa kushoto, mama."

"Wamelitia moto?"

 "Mara moja, mwaka jana. Niliyelitia ni mie."

"Eee," ilisema sauti ile, taratibu. "Anjelina, unanisikia?"

"Nakusikia, shangazi. Shikamoo." Hata katikati ya kilio, salamu ilitoka yenyewe.

"Marahaba. Unadhani mimi naosha miguu ya mabibi harusi kwa nini?"

"Watu wanasema unatafuta mkosi."

"Natafuta doa." Bi Kokushubila alikohoa. "Nilikuwa na mdogo wangu, Jesca. Alikuwa na kitu kama hicho chini ya wayo, tukasema kakanyaga mwiba. Mtu mmoja akatuambia tukichome na chuma cha moto. Tukachoma, mimi ndiye niliyemshika mguu. Kidonda kikafunga vizuri, tukashukuru Mungu. Mwaka haukuisha tukamzika. Daktari alituambia baadaye kwamba ni kansa. Tangu hapo hakuna msichana anayeingia kwenye ukoo wetu kabla sijamgeuza wayo. Nimewapeleka hospitali wawili, na wote wapo hai, wanalea watoto wao."

"Mbona hukusema, shangazi? Mbona watu wanasema mkosi?"

"Maneno ya mkosi waliyaleta wao. Nikayaacha, maana ningesema nakagua ugonjwa wangekataa, lakini kwa kuogopa mkosi walininyooshea miguu. Sikujua kama kuna mtoto atauficha. Hilo ni kosa langu. Usiniogope, mwanangu. Harusi itasubiri, na Brightson nitamwambia mimi."

Kondo alizima kalamu. Aliiweka mezani taratibu, akavua glavu, akasogea mpaka dirishani akageukia nje kama mtu anayetafuta kitu barabarani.

Ilikuwa saa nane na robo. Dokta Gregori alikuwepo mpaka saa kumi. Editha alichukua kiatu cha Anjelina akamvalisha mwenyewe, na Anjelina hakukataa. 

"Wewe msichana wa kuchoma," ilisema simu. "Bado upo?"

"Nipo, mama."

"Kuna kitu kimoja. Mwangalie kwenye nyonga, upande ule ule wa mguu wenye doa. Jesca alitoka mtoki hapo, uvimbe mgumu, tukapuuza, kumbe kansa imeshapanda."

Editha aliinua uso kumtazama Anjelina. Anjelina hakumtazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshuka wenyewe mpaka kwenye nyonga, vidole vimetulia juu ya kitu chini ya sketi, kwa namna ya vidole vinavyopajua mahali pale.

"Tangu mwezi wa nane," alisema. "Nilidhani ni viatu."